Dada yangu kiziwi aliozwa kwa kunyamaza

Wakuu, asalaam alaykum. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Mwenye kubisha abishe, lakini asome kwanza.

Kuna mmoja wenu kaandika kuwa utafiti wa cochlear implant, kile kifaa kinachopandikizwa sikioni ili kiziwi asikie, ni kupoteza hela tu. Nimekasirika khasa!

Miaka ya sabini mwanzoni tulikuwa tunakaa Jang'ombe. Dada yangu Zuwena, kigoli, akaugua homa ya uti wa mgongo. Akapona, lakini masikio yakafa. Kusema anasema, kusikia ndo hakuna.

Daktari akasema dawa hana. Ila huko nje watafiti wanajaribu kupitisha waya ndani ya sikio, na bado ni majaribio.

Nikamweleza dada kwa mikono na midomo. Masikini, akang'ang'ania hilo hilo. Akakua, na kila akija mposaji yeye anasema, "Siolewi mpaka nisikie."

Baba akachoka kungoja. Akamtafutia mtu mzima wa Chwaka aliyefiwa na mkewe. Dada akalia mpaka macho yakavimba. Kisha akaniambia, "Lazima waniulize. Ntasema sitaki, mbele ya watu wote."

Kweli, mwari huulizwa. Lakini nyie vijana hamjui ilivyokuwa: baba husimama nyuma ya pazia, anauliza, na mwari akinyamaza ndo karidhi. Eti anaona haya.

Baba akauliza. Dada kimya, anatazama hina yake. Akauliza tena. Kimya.

Nikapiga kelele, "Hasikii! Muulizeni usoni!" Shangazi akanifinya, akaniziba mdomo.

Vigelegele hivyo.

Dada akanigeukia, akaniuliza, "Mbona hawaji kuniuliza?"

Jamani! Nililia mie, yeye bado anautazama mlango.

Akapelekwa Chwaka. Hakupigwa, hakulala njaa, lakini sikumwona kucheka tena. Miaka mingi baadaye, vifaa hivyo vilipopatikana, nikamwambia twende tukajaribu. Akasema, "Ya nini sasa? Mie nilitaka kusikia siku ile."

Amezikwa huko huko Chwaka.

Basi anayesema utafiti hauna maana asiseme mbele yangu. Na nyie mlio na kiziwi nyumbani, mkimuuliza jambo lake, mtazameni usoni mpaka ajibu mwenyewe. Kunyamaza kwake si ndiyo.

Haya, uwanja wenu. Matusi pia nnapokea, lakini dada yangu mwacheni.