Kidole Gumba Kitakoni

Fundi wa mng'aro katika ua wetu hapa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, hasemi neno kabla ya adhuhuri. Pumzi yake ina kazi. Huchovya kijibomba cha mwanzi kilichofungwa kitambaa chepesi katika uji wa mng'aro, hupuliza juu ya chombo, huchovya tena, hupuliza tena, mara kumi na nane, mpaka kauri ivae rangi ya yai la bata. Mashavu yamemlegea kama mifuko mitupu. Anaiga vyombo vya wafalme wa kale, na kitakoni mwa kila kimoja huandika mwaka wa leo.

Jana saa tatu asubuhi Xiong, mchuuzi wa vitu vya kale, alileta chombo cha maua ndani ya blanketi la mtoto. "Fundi, hiki cha enzi za wafalme wa Song, miaka mia tisa! Nizibie mkwaruzo wa kitakoni tu. Mbona kimya kama bibi harusi?" Fundi alikigeuza, akapitisha kidole gumba chini, kikaganda pale palipokwaruza. "Hapa palikuwa na muhuri wa mfalme Qianlong," alisema, adhuhuri ikiwa bado mbali. "Hakijafika hata miaka mia tatu. Aliyekitengeneza aliiga, akaandika wazi kuwa ni cha siku zake. Mmeusaga." "Ah, alama tu hiyo, fundi." "Alikuwa mkweli. Mmemfanya mwongo, naye hayupo ajitetee." Xiong alikifunga chombo chake akaenda zake. Leo nimemkuta fundi na brashi ndefu, anaandika mwaka ndani ya shingo ya chombo, mahali ambapo jiwe la kusagia haliingii.