Sahani ya Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, jioni ambayo mama yangu alimpelekea mkwe wake sahani ya pilau kwa mkono wake mwenyewe. Kama wewe si wa kwetu Ukambani utauliza, kuna ajabu gani hapo? Basi jua kwamba kwetu mama na mume wa binti yake hawaonani wakila. Mama akisikia sauti ya mkwe njiani, hujitenga mpaka apite. Mkwe akiwa mezani, mama hakanyagi chumba hicho. Hiyo ndiyo heshima ya ukwe, nasi tulilelewa nayo.

Naandika polepole, kwa hiyo nawe soma polepole.

Miaka ya sabini nilikuwa Emali, naosha vyombo katika hoteli ya Mama Nduku, karibu na stesheni ya reli. Mama Nduku alikuwa mjane mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mbuzi. Siku nilipofika hakuniuliza nilikotoka. Alimtazama mtoto mgongoni mwangu, akautazama mkono wangu uliovimba, akanipa chai na chapati. "Masufuria yako huko nyuma," akasema. "Na kitanda pia." Mpaka leo nikinywa chai ya maziwa ninamshukuru.

Nilikuwa nimemkimbia mume wangu, Mutiso, mchuuzi wa ng'ombe. Sokoni alikuwa mtu mpole, anayesalimia hata watoto. Nyumbani alikuwa na fimbo ya kuswagia ng'ombe, na fimbo hiyo haikuchagua. Nami nilikuwa mtu wa haya tangu utoto. Hata mama sikumwambia. Nikienda kwake Kikima nilivaa sweta ya mikono mirefu juani, nikasema nina homa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aibu, mwanangu, huziba masikio.

Sasa wanawake wa mwethya, lile kundi letu la kusaidiana kulima na kujenga, walikuwa wakijenga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Walitaka mwanamke anayepigwa apate pa kulala na watoto wake wakati mambo yake yakisuluhishwa. Kuta walizisimamisha wenyewe. Paa likawashinda. Ndipo Mama Nduku akasema, "Hoteli yangu ni yenu jioni moja. Mimi napika pilau. Anayetaka kula aje na bati."

Watu walicheka, lakini walikuja. Wakulima, wenye maduka, hata madereva wa malori waliokuwa wakipita tu kwenda Loitokitok. Jua lilikuwa halijatua, na mabati yaliyoegemezwa ukutani yaling'aa mpaka ukayapa kisogo.

Mutiso naye akaja. Alikuja na mabati mawili begani.

"Huyu ndiye mwanamume," mtu mmoja akasema, na watu wakapiga makofi. Wakampa kiti meza ya mbele. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alipopita jikoni kunawa mikono, aliinama karibu nami akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza chumvi, "Ukimaliza vyombo, mfunge mtoto mgongoni twende. Lori liko nje."

Nikasema, "Ndiyo." Neno jingine halikutoka.

Akarudi mezani. Nami nilipogeuka nikamwona mama yangu akitoka nyuma ya magunia ya makaa. Alikuwa ametoka Kikima na kiondo cha maparachichi, mchango wake, maana bati hakuwa nalo. Alijua ninafanya kazi pale, ila alidhani nimeruhusiwa na mume wangu. Aliposikia sauti ya mkwe akajificha, kama desturi inavyotaka. Na kwa kuwa alijificha, alisikia yote.

Alinivua sweta taratibu, jinsi alivyonivua nguo nilipokuwa mdogo, akaona alama za fimbo mikononi.

"Hii ndiyo homa yako?"

Akamgeukia Mama Nduku. "Sahani ya yule wa mabati mawili iko wapi?"

"Mama, huwezi kuingia kule. Mkwe wako yuko," Mama Nduku akasema.

"Najua aliko. Nipe."

Alipoingia ukumbini, watu wote waligeuka. Vijiko vilisimama hewani. Mutiso alijifunika uso kwa kofia akageukia ukuta. Mama akaiweka sahani mbele yake, akavuta kiti, akakaa.

"Kula, mkwe wangu."

"Mwaitu, tafadhali," akasema ndani ya kofia. Mwaitu kwetu ni mama. "Naona haya."

"Unaona haya kutafuna wali mbele yangu. Kumpiga niliyemzaa hukuona haya. Haya zako zinakaa wapi, Mutiso? Mdomoni tu?"

Hakuna aliyecheka. Mama alisema tena, kwa upole kabisa, "Kula. Mimi nina nafasi."

Hakuweza kula, wala hakuweza kuketi hapo. Aliinuka, akapita akiambaa ukuta, kofia usoni, akagonga mlango kabla ya kuupata. Tukasikia lori likiondoka. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni, mtoto akinishika sketi.

"Mabati yake yabaki," Mama Nduku akasema. Hapo ndipo watu walipocheka, na pilau ikaliwa.

Wazee walimtoza mama mbuzi kwa kuvunja heshima ya ukwe. Alimleta mwenyewe kwa kamba. "Huyu ni wa kosa langu," akawaambia. "Wa kosa lake yuko wapi?" Mwishowe mzee mmoja akakohoa. "Mama huyu ametushinda. Binti akae, asirudishwe kwa mume."

Nikakaa. Nilikuwa wa kwanza kulala katika nyumba ile. Mvua ilipoanza nilisikiliza paa lote likivuma. Mabati mawili ya Mutiso yalikuwamo, wala sikujua ni yapi. Hakuna lililovuja. Nililala nikiwashukuru watu ambao wengi wao sikujua majina yao.

Mwanangu wa kiume, heshima unayomwonyesha mama mkwe barabarani, ifikishe mpaka chumbani kwa binti yake. Isipofika huko, ni kofia tu. Mwanangu wa kike, usivae sweta juani. Heshima si utumwa. Mwonyeshe mtu mmoja mkono wako, hata kama ulimi hautaki. Nawe uliyealikwa karamu ya kuwasaidia waliopigwa, peleka bati lako, kisha utazame pia nani anaosha vyombo.

Mungu akupe paa lisilovuja. Na siku utakapokosa maneno, akupe mtu wa kukubebea sahani.