Sauti Katikati ya Chai

Simu yangu ilikuwa kwa fundi mjini Kisii, kwa hivyo alasiri ile niliteremka kisimani bila muziki masikioni. Ni njia yangu ya kila siku hapa Gesima, lakini kimya chake kilinitisha. Mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe.

Katikati ya shamba la chai nikasikia kitu kikigumia. Nywele zilinisimama, nikataka kukimbia.

"Nani huko?"

"Mwanangu, usiniache."

Alikuwa jirani yetu, bibi aliyenifundisha kuchuma chai nikiwa mdogo. Alikuwa ameteleza akaanguka mtaroni na kuvunjika mguu. Nilimfunika kwa leso yangu, nikapiga mayowe mpaka watu wakaja kumbeba.

"Nimeita tangu asubuhi," aliniambia. "Vijana wanapita tu, masikio wameyaziba."

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwani siku nyingine yoyote nami ningepita.

Mguu ulipona. Simu ilirudi, lakini nikienda kisimani naiacha nyumbani. Hata sasa, majani yakitikisika, nasimama moyo ukinidunda, kisha nasogea kuangalia kuna nini.