Siku Niliyomgeuza Koku Ndizi

Nakumbuka Jumamosi niliyomgeuza mdogo wangu ndizi. Ujinga ule ni wangu peke yangu, mwanangu; hapakuwa na shetani wala marafiki wabaya. Najua niko kidato cha tatu tu, lakini keti, leo mzee ni mimi.

Kwetu Nyakatuntu ndizi za pombe huvundikwa shimoni. Unatandika majani ya mgomba, unapanga mikungu, unafunika kwa majani mengine, kisha udongo juu. Siku hiyo Baba aliniachia kupanga na kufunika. Udongo angekuja kuuweka mwenyewe. Koku, ana miaka sita, alikuwa kaning'ang'ania nimwonyeshe uchawi. Nikamlaza humo shimoni kando ya mikungu, nikamfunika kwa majani, nikamwambia sasa yeye ni ndizi, na ndizi haiongei. Akiitika kabla sijasema maneno ya kumrudisha, ambayo nilikuwa nimemtajia, tutamkamua pombe pamoja na wenzake.

Kabla sijayasema, Mama akaniita nikaanue kahawa, mvua hiyo inakuja. Nikakimbia.

Nikiwa nakunja turubai la pili nikamsikia Mama akimwita Koku. Kimya. Mwanangu, nilicheka. Nikajisifu moyoni kwamba ndizi yangu ina nidhamu. Mama akaita tena, na tena, na sauti yake ikaanza kubadilika. Hapo ndipo nikasikia jembe. Pu. Pu.

Nilifika shimoni sijui kwa miguu ya nani. Baba alikuwa ameshafukia nusu. Nikajitupa chini, nikaanza kufukua kwa mikono. Alidhani nimerukwa na akili, mpaka nilipotaja jina la Koku. Akatupa jembe, akapiga magoti pembeni yangu. Nikayasema maneno: "Toke-toke, rudi Koku." Hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna kitu. Mama alikuwa ameshafika, mikono kichwani.

Kisha chini ya majani ikatoka sauti ndogo, yenye hasira kidogo:

"Umekosea, kaka. Unaanza na Koku."

Nikaanza na Koku. Baba akamvuta nje, anakohoa, udongo mpaka kwenye kope. Cha kwanza alichouliza ni kama alikuwa ndizi nzuri.

Fimbo za Baba nazihifadhi, hazikuhusu. Linalokuhusu ni hili, mwanangu: mdogo wako akikuamini, ukimwambia anyamaze atanyamaza kweli, hata akimwagiwa udongo usoni. Kwa hiyo mtanie upendavyo, ila usimwache peke yake ndani ya utani wako. Mungu akujalie wadogo wa kukuamini hivyo, na akupe miguu ya kuwafikia mapema.

Mama hakunigombeza. Jioni alikuwa akimsafisha Koku masikio, nami nimesimama na ndoo. Bila kuniangalia akasema:

"Nimemwita mara tano, mimi niliyemzaa, akakutii wewe. Haya, lete maji mengine."