Gari Lililokataa Kwenda Kabanga

Siku za shule gari langu halikuwa na shida. Nikizungusha ufunguo linawaka, linanipeleka darasani na kunirudisha. Lakini asubuhi ya kumpeleka mama hospitali ya Kabanga akatolewe mtoto wa jicho, linatoa mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Lilifanya hivyo mara mbili, na mara mbili tukaomba tarehe nyingine.

Jicho lake la kulia lilikuwa halioni tena, na la kushoto lilikuwa linafuata. Mara ya pili alinitazama kwa hilo moja akasema Imana, Mungu wetu, imekataa, na gari likigoma mara ya tatu nisimsumbue tena. Tangu siku hiyo sikutulia. Mimi hasira zangu ziko karibu: nilimgombeza fundi wa Kibondo, nikamgombeza muuza betri, nikapiga teke tairi lisilo na kosa.

Nikalipeleka gari Kasulu kwa fundi wa umeme wa magari, mzee mpole wa maneno machache. Akakaa nalo siku mbili, na kila asubuhi likawaka vizuri. Nilikasirika kama vile amenitukana. Akaniambia betri imechoka, lakini kuna kitu kinaimaliza usiku, na siku gari litakapogoma nisiguse chochote, nimpigie.

Tarehe ya tatu ya Kabanga ikafika. Ufunguo, mlio mkavu, kimya. Mama, tayari kavaa kitenge chake cha safari, akaenda moja kwa moja kwenye buti kuchukua mzigo wake arudi ndani. Nikamshika mkono kumzuia, jambo ambalo sijawahi kulifanya, huku nikipiga simu.

"Mwalimu, siku za shule na siku za Kabanga zina tofauti gani?" fundi akauliza.

Nikasema hakuna, ila mzigo wa mama, ambao huufunga mwenyewe kwenye buti tangu jioni na hataki mtu auguse. Akaniambia nikate simu, niiweke ndani ya buti ikirekodi video, nifunge, nihesabu hadi ishirini.

Kisha tuliinamia kioo cha simu pamoja, nikimweleza mama asichoweza kukiona. Buti limefungwa, na taa yake ndogo bado inawaka, hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Kamba ya mgomba ilikuwa imezungushwa kwenye bawaba, ikakisukuma kando kitufe kinachozima taa buti likifungwa. Nikafungua buti, nikaifuata kamba kwa vidole. Ndani ya mzigo kulikuwa na kibuyu cha asali.

Kilikuwa cha wenyeji wetu wa Kabanga, ambao tungefikia kwao. Mkono mtupu haulambwi, na mama haingii nyumba ya mtu bila kitu hata awe kipofu. Alikifunga kisipinduke njiani, na hakuniambia kwa sababu nilishapiga marufuku asali kwenye gari langu.

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake.

"Nilitamani iwe Imana kweli," akasema. "Naogopa kisu, mwanangu."

Hasira yote ikanitoka. Nikamwambia hata mimi naogopa. Majirani wakatusukuma hadi gari likawaka, na mama akakaa mbele, kibuyu amekipakata kwa mikono miwili, mpaka Kabanga.