Kaburi la Kuazima

Siku Nalepo alipofariki, mwenyewe alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao katika ofisi ya kituo cha watoto pale Sokon One, amevaa kitenge chake cha kijani, amempakata mwanawe mkubwa, na alikuwa na njaa. Ilikuwa Novemba 2003. Baada ya kufariki alisindikizwa mpaka getini, akapanda lori la maharage lililokuwa likirudi tupu, akafika Oldonyo Sambu jua halijazama, akamkamua ng'ombe mmoja aliyekuwa amebaki. Hakuna aliyemlilia.

Kisa chenyewe nitakieleza bila kumtetea mtu. Mumewe, Parsimei, alikuwa amekufa kweli kweli, ugonjwa wa kifua ulimkausha kwa miezi mitano. Ukame ukafuata, ukachukua mifugo. Nalepo akabaki na watoto wawili, Yoeli wa miaka sita na Maria aliyekuwa bado ananyonya, pamoja na mama mkwe mwenye ulimi mkali. Ndipo mwinjilisti Aminiel, binamu ya Parsimei, alipokuja na habari kwamba mjini kuna kituo cha kanisa chenye wafadhili ng'ambo. Makao yake makuu yalikuwa yakitunza watoto katika nchi nyingi mpaka Aminiel hakuzijua zote. Nafasi ilikuwa imebaki moja, ila walichukua waliofiwa na wazazi wote wawili tu.

"Waliofiwa na mzazi mmoja wamejaa kila boma," Aminiel alisema. "Ukimpeleka hivyo, hata jina hawataliandika."

Basi wakaenda. Aminiel akajaza fomu. Baba, marehemu. Alipofika kwa mama alisimamisha kalamu akamtazama Nalepo. Hakuwa mtu mbaya Aminiel, alikuwa mtu wa Mungu mwenye haraka. Nalepo naye akamtazama mwanawe, ambaye hakuwa na habari na fomu. Yoeli alikuwa ametumbua macho dirishani, anawaangalia watoto wa kituo wakinywa uji, kila mmoja na kikombe chake.

"Andika," Nalepo alisema.

Chini ya fomu ilitakiwa sahihi ya ndugu aliyemleta mtoto. Nalepo akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza mbele ya neno shangazi. Wino ule ulikaa kidoleni siku nne, na jivu halikuuweza. Mama mkwe alipousikia mpango mzima alimtemea mate kifuani, kama wazee wafanyavyo kumwombea mtu uzima, kisha akamwambia kwamba mtu hai haandikwi marehemu, na huo ni ujinga ambao watu wa shule tu ndio wangeweza kuufikiria.

Pale getini, kabla ya kuachana, Nalepo alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto. "Wakikuuliza, mama yako alikufa. Mimi ni shangazi yako."

"Mpaka lini?" Yoeli aliuliza.

"Mpaka umalize shule."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kupita huku kwetu nyuma ya mlima Meru. Hii ya Nalepo ilikwenda miaka ishirini na miwili, na kila alipodhani amefika mwisho, alikuta imepinda kona.

La kwanza lililomuuma lilikuwa jina. Mwanamke akishazaa, nani tena anamwita kwa jina la utotoni? Yeye alikuwa Mama Yoeli kwa kila mtu, tangu mtoto ana siku nane. Lakini watu wa kituo walikuwa na desturi ya kuja na gari kukagua ndugu za watoto, na Mama Yoeli hakutakiwa kuwapo duniani. Kwa hiyo majirani wakaelezwa, wakaelewa, wakaanza kumwita Mama Maria. Kijiji kizima kilikuwa kimefiwa na mtu aliyekuwa akiwauzia maziwa kila asubuhi, na hakuna aliyeropoka. Kuna mambo watu wa Oldonyo Sambu wanayajua kuyatunza.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mwanzoni Yoeli alilitamka lile neno shangazi kwa kucheka, kama mchezo wao wawili. Akija likizo, gari la kituo likishaondoka tu, alikuwa akimrukia mama yake shingoni. Mwaka wa tatu, Nalepo akiwa anafunga zizi la ndama, alisikia nyuma yake sauti ikiita, "Shangazi, punda wa maji wamerudi." Aligeuka haraka kuangalia ni mgeni gani amekuja. Hapakuwa na mgeni, alikuwa Yoeli peke yake, na hakuwa anacheka. Neno lilikuwa limeshamkaa mdomoni. Nalepo aliingia ndani akajifanya moshi wa jiko umemwingia machoni.

Kufa kufaana, na kusema kweli kifo kile kilimfaa mtoto. Alisoma, akala, akanenepa. Mfadhili wake, mama mmoja mzee wa ng'ambo asiye na watoto, alimwandikia barua kila Krismasi na kila siku yake ya kuzaliwa. Shule ilipoisha mfadhili akasema ataendelea mpaka chuo, na mayatima wenye mama hawaendi chuo kwa fedha ya mayatima wasio na mama. Basi ikawa mpaka amalize chuo. Alipomaliza, kituo kilekile kikamwajiri, wakampa watoto arobaini na mmoja wa kuwaangalia, wakaichapa picha yake kwenye kalenda ya shirika, na maneno ya Kiingereza chini yake. Nalepo aliitundika ukutani. Maria ndiye aliyemsomea: yatima aliyerudi kuwalea yatima.

"Sasa si umemaliza?" Nalepo alimuuliza siku alipoileta kalenda.

"Siku ya harusi yangu," alisema. "Siku hiyo nitakuita mbele ya watu wote, ukae kiti chako. Hapo hawatanifanya kitu."

Nalepo aliishi na ahadi hiyo kwa miaka minne. Alinunua kitambaa cha rangi ya dhahabu iliyofifia, hakukishona, akakiweka chini ya godoro. Hakuwa mpumbavu, alijua maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameyavulia nguo kwa hiari yake. Lakini mtu anayeoga naye huchoka, hutaka kutoka ajifute.

Kisha Yoeli akapata mchumba, Agnela, mwalimu, binti wa wakulima wa kahawa na ndizi kutoka Akheri. Harusi ikapangwa Jumamosi ya pili ya Septemba. Jumatano kabla ya harusi Yoeli alikuja Oldonyo Sambu peke yake, ameshika kopo la rangi nyeupe.

"Shikamoo, shangazi," alisema, na hapakuwa na mtu mwingine uani isipokuwa kuku.

"Marahaba. Rangi ya nini?"

Akaeleza huku akiangalia chini. Mfadhili anakuja harusini. Kamati imemweka kwenye kiti cha mama wa bwana harusi. Ijumaa anataka kuja huku, kuweka maua kwenye kaburi la mama.

"Mama yupi?" Nalepo aliuliza.

"Usinifanye hivyo." Yoeli alikaa kwenye kigoda, mtu mzima na suruali yake ya kunyooshwa. "Makao makuu wanakagua mafaili. Nchi nyingine huko wamekuta kituo kina watoto wenye wazazi hai. Wamekifunga, watoto wametawanywa, wengine hawajulikani walipo. Wakilikuta langu, la mtu wa kwenye kalenda, wataamini la nani? Ninao arobaini na mmoja. Mdogo wao ana miaka mitatu."

"Na Agnela?"

"Hajui."

Hasira ilimpanda Nalepo mpaka masikio yakawaka. Alitaka kumwambia kwamba yeye naye ana miaka, na inahesabika. Alichosema kilikuwa kingine. "Hapa pana kaburi moja tu la mwanamke, na ni la bibi yako. Alinisumbua hai, sasa unataka nikalale naye."

"Bibi naye alikuwa mama wa mtu," Yoeli alisema.

Wakaenda nyuma ya nyumba penye mirundo miwili ya mawe, wa Parsimei na wa mama yake. Msalaba wa bibi ulikuwa wa mbao, mvua zilikuwa zimeshayaondoa maandishi. Yoeli akaandika MAMA kwa herufi kubwa. Nalepo ndiye aliyemshikia kopo.

Ijumaa gari la kituo lilifika saa nne asubuhi, Yoeli akiendesha. Mfadhili alishuka polepole, bibi mwembamba mwenye fimbo na viatu vya kutembelea mlimani, na Agnela akamshika bega. Nalepo alikuwa amejiandaa kumchukia. Amejiandaa siku tatu. Lakini yule bibi alimshika mikono yote miwili, mikono yake ilikuwa na baridi, akatabasamu kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa, na chuki ikakosa mahali pa kushika.

"Shikamoo, shangazi," Agnela alimwamkia, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Mbele ya kaburi mfadhili aliweka maua chini, akaegemea fimbo, akaanza kuongea na lile rundo la mawe. Aliongea taratibu, akitua kila baada ya sentensi, na Yoeli akatafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya kazini na asingeweza kunyamaza bila kuulizwa.

"Anasema, mama, hatukuwahi kuonana. Anasema alitaka kukuambia kwamba mtoto alikula. Kwamba hakuna mwaka aliokosa viatu. Anasema hakutaka kamwe kuchukua nafasi yako. Katika barua ya kwanza niliyomwandikia nilimwambia mama yangu alikuwa akiimba wakati wa kukamua. Anasema barua hiyo anayo mpaka leo."

Nalepo hakujua habari ya barua hiyo. Alisimama pembeni, mikono ameifumbata chini ya shuka, akisikia anavyozikwa vizuri.

"Anasema kesho wamempa kiti chako. Hawezi kukikalia bila ruhusa." Sauti ya Yoeli ilikuwa imeshuka sana. "Anaomba ruhusa yako."

Upepo wa huku hauna adabu, ulikuwa ukipeperusha karatasi ya maua. Mfadhili akainua uso, akamgeukia Nalepo, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa familia aliyekuwapo, na mwenye kuwasemea waliolala ni ndugu yao. Akasubiri.

Miaka ishirini na miwili Nalepo alikuwa amesema ndiyo. Alisema ndiyo kwa Aminiel, akasema ndiyo kwa shule, kwa chuo, kwa kalenda, akasema ndiyo kwa kopo la rangi. Sasa alikuwa ameulizwa mwenyewe, marehemu mwenyewe, na akagundua kuwa jibu alikuwa nalo tayari, lilikuwa limekaa chini ya godoro pamoja na kitambaa. Alilisema kwa Kiarusha cha nyumbani kwao, ambacho Agnela, Mmeru, hakukisikia, na mfadhili ndiyo kabisa. Alimsemea mtu mmoja tu.

"Mwambie mama yako amekataa," alisema. "Mwambie kiti chake anakitaka."

Yoeli alimtazama. Midomo ilimcheza. Alikuwa na uso uleule wa getini, wa mpaka lini. Kisha akamgeukia mfadhili, akasema neno moja.

Nalepo hakusoma hata darasa moja, lakini neno hilo alilijua. Hata watoto wanaochunga mbuzi kando ya barabara ya Namanga hulipigia kelele magari ya watalii. Yes.

Mfadhili alifumba macho, machozi yakamtoka, akagusa msalaba. Agnela, ambaye alikuwa mwalimu na macho yake yalizoea watoto wenye jambo, aliangalia kutoka uso wa Yoeli hadi wa Nalepo. Aliona kitu, sijui ni kiasi gani.

"Shangazi," aliuliza polepole kwa Kiswahili, "umesema maneno mengi. Umesemaje?"

Lango likawa wazi. Sentensi moja ya Kiswahili ingetosha, na Agnela angeiamini. Nalepo alifungua mdomo. Akamwona mwanawe amesimama, hamzuii, hamwombi kitu, amekauka tu kama mtu anayesubiri kupigwa. Nyuma yake akawaona wale wengine asiowajua, arobaini na mmoja, kila mmoja na kikombe chake.

"Nimesema chai inapoa," Nalepo alijibu. "Maria ameshaweka maziwa. Twendeni."

Akamkamata mfadhili mkono, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani ina mteremko wenye mawe na yule bibi alikuwa mzee kuliko yeye. Wakaanza kushuka wawili, bega kwa bega, Agnela akafuata. Yoeli alibaki kaburini. Hatua kumi, labda kumi na mbili, Nalepo alisikia nyuma yake sauti ikiita kwa Kiarusha, chini chini, kama ya mtoto anayejaribu neno asilolitumia.

"Yeyo," aliita. Mama.

Alisikia vizuri, masikio yake bado ni mazima. Aliendelea kushuka. "Angalia hapo," alimwambia mgeni kwa Kiswahili, ingawa mgeni hakukijua, "kuna jiwe," na hakugeuka.