Gari Lililomtii Baba Peke Yake

Gari la baba lilikuwa likimwakia yeye tu. Najua ni upuuzi, lakini nililala na kuamka na upuuzi huo siku nyingi.

Ni pikapu ya kijani, kongwe kuliko mimi, ya enzi za kabureta. Ufundi nimejifunza kwa video za simu, uani kwetu hapa Garissa, na nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa: nikikaza nati, narudi kuikagua, kisha narudi tena kuhakikisha kwamba niliikagua. Adeer, yaani kaka yake baba, alikuwa ameniahidi chumba kitupu kando ya duka lake sokoni, nifungue gereji. Sharti lake moja: gari hilo limwakie yeye pia, aende nalo Hulugho kubeba mbuzi. Nilikitaka chumba kile mpaka nikawa nimeshachagua ukuta wa kutundika spana.

Nilisafisha plagi. Niling'arisha vichwa vya betri. Nilifumua kabureta juu ya shuka safi, mama akaguna. Stata ilizunguka kwa nguvu, injini haikushika. Nikachomoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma huku mama akizungusha ufunguo: hakuna cheche hata kidogo. Baba akarudi kutoka msikitini, akaketi, akachukua tusbahi yake ya shanga za dhikri inayoning'inia msumarini chini ya dashibodi, akasema bismillahi, gari likanguruma.

"Wewe ulisema bismillahi?" mama aliniuliza.

"Nilisema."

"Kwa moyo?"

Swali hilo lilinikosesha raha. Nakiri kwamba kesho yake niliisema tena na tena, kwa sauti, nikijisahihisha matamshi. Injini haikushika.

Asubuhi ambayo adeer alitarajiwa, nililala chali chini ya dashibodi na tochi, nikafuata waya wa koili, inayozipa plagi umeme, tangu mwanzo. Nikakuta waya mwembamba usiokuwemo katika mchoro wowote niliowahi kuuona. Uliishia kwenye swichi ndogo ya kukata umeme, nyuma ya msumari wa tusbahi. Nikaibonyeza, nikazungusha ufunguo. Likawaka papo hapo.

Baba alitoka ndani mbio, kandambili mguu mmoja. "Zima, aabo, zima!" Aabo ni baba; kwetu mzazi humwita mtoto kwa cheo chake mwenyewe.

Nikazima. Alichungulia barabarani kwanza, ndipo akasema kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu akiniomba gari, nimwambie sikupi? Uliona wapi? Mara ya mwisho lilirudi bila tairi la akiba, limejaa mavi ya mbuzi. Gari likikataa lenyewe, hakuna mtu aliyekataa."

"Na chumba changu?"

Aliirudisha swichi ilivyokuwa, akanikabidhi ufunguo. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Gari lilikuwa zima, na sikujua la kulifanya.

Adeer alifika na kamba za mbuzi begani. "Haya, fundi wa simu! Washa tuone."

Niliketi. Tusbahi ikanigusa goti. Ilikuwa ni kunyoosha kidole tu. Baba alikuwa akilitazama tairi la mbele kana kwamba limeletwa leo. Nikazungusha ufunguo bila kugusa kingine chochote. Stata ikalia, ikalia, mpaka betri ikaanza kuchoka.

"Limenishinda, adeer."

"Kumbe video zote zile zimekufunza kuzungusha ufunguo!" Alicheka, akaenda zake.

Alasiri, kwa mazoea, baba aliliendesha gari lile lile mpaka msikitini, nami kando yake. Adeer alikuwa mlangoni akivua viatu. Aliliangalia gari, akamwangalia baba, akaniangalia mimi kwa muda mrefu zaidi.

"Mashallah," alisema. "Linamjua mwenyewe."

Wakashikana mikono, wakaingia pamoja wakicheka jambo ambalo sikulisikia.

Chumba sijapewa, wala sijanyimwa. Nikipita dukani, adeer huniagizia chai na kuniuliza hali ya gari. Namwambia bado nalitafutia ugonjwa.

"Tafuta, adeer, tafuta," ananiambia, naye akiniita kwa cheo chake. Uso wake haunipi jibu, na ufunguo wa chumba unaning'inia ukutani, nyuma ya kichwa chake.